Barua Ilitokaje Manyani?

Nakala yangu ya Mau Mau Detainee haina jalada. Niliipata Nakuru mjini kwa muuza vitabu vya mitumba, nikaitia kwenye mfuko pamoja na unga na sukari, na kabla matatu ya Bahati haijajaa pale steji nilikuwa nimeshafika mahali ambapo mwandishi anatuambia alizaliwa: Kabati-ini, 1929. Mzee aliyeketi karibu yangu akachungulia, akaniuliza ni kitabu gani. Nikamwambia ni cha JM, alichoandika juu ya kizuizini. Akatikisa kichwa, akasema, "Huyo ni wetu." Basi. Akageukia dirishani.

Ni wetu, kweli. Ila nimeanza kuona kwamba huo uwetu ndio uliotunyima kitabu chake. Hapa Bahati kila mtu ana JM wake: JM wa mikutano, JM wa maskini, JM wa Machi 1975 ambaye mwili wake ulipatikana Ngong. JM mwandishi hatumjui. Kitabu chenyewe kilitolewa na Oxford University Press mwaka 1963, dibaji ikaandikwa na Margery Perham, msomi wa Oxford, na tangu hapo kimekuwa kitabu cha kunukuliwa na wanahistoria. Watu wa Kabati-ini wanakisikia tu.

Nimekisoma mara tatu sasa, na mara ya tatu nilikisoma kwa sababu ambayo haikuhusu fasihi. Mwaka juzi binamu yangu, mwakilishi wa wafanyakazi katika shamba moja la maua, alichukuliwa Ijumaa jioni wakati wa mgomo. Ijumaa, kama kawaida, kwa sababu Jumamosi na Jumapili mahakama hazifanyi kazi. Shangazi yangu hakulia. Alichemsha chai, akaitia kwenye thamosi, akaenda kituoni na wanawake wanne, na alipofika kaunta hakuomba aachiliwe mtu. Aliomba namba ya OB. Wakamwambia aje kesho. Akaketi. Saa nne usiku akapewa namba, akaiandika kwenye kiganja kwa kalamu. Binamu alitoka Jumatatu bila alama mwilini, na wenzake wawili waliopelekwa kituo kingine, ambako hakuna aliyeenda kuuliza, walitoka wakichechemea.

Sasa nilitaka kujua kama vitabu vyetu vya kizuizini vinajua kile shangazi anakijua. Nikavipanga vitatu mezani: cha JM, History of Kenya's Trade Union Movement to 1952 cha Makhan Singh, kilichotoka 1969, na Roots of Freedom cha Bildad Kaggia, 1975. JM hakuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi. Alikuwa mtoto wa maskwota aliyesoma hadi King's College Budo kule Uganda, akarudi, akafungua hoteli Nakuru, akakamatwa Oktoba 1953. Hao wengine wawili ndio walikuwa vyama vya wafanyakazi vyenyewe. Na ajabu ni kwamba yule asiye wa chama ndiye aliyeandika kitabu chenye manufaa zaidi kwa mtu wa chama aliye ndani ya seli.

Nianze na Makhan Singh, maana ndiye ninayemheshimu zaidi na ndiye anayenikera zaidi.

Alizaliwa Punjab 1913, akaja Kenya akiwa kijana 1927, na 1935 akaanzisha Labour Trade Union of Kenya. Alipokwenda India 1939 Waingereza walimtia ndani huko pia. Mei mosi 1949 yeye na Fred Kubai waliunda East African Trade Union Congress, Kubai rais, yeye katibu mkuu. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alisimama akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, na hiyo ni wakati ambapo wengi walikuwa bado wanaomba viti vya kuteuliwa. Wiki tatu baadaye, 15 Mei, yeye na Kubai wakakamatwa. Kesho yake Nairobi ikagoma, na mgomo ukaenda siku tisa. Akapelekwa mbele ya Jaji Thacker, yuleyule ambaye baadaye angehukumu kesi ya Kapenguria, na amri ikatoka azuiliwe mbali: Lokitaung, kisha Maralal, kisha Dol Dol. Hakutoka hadi 22 Oktoba 1961. Miaka kumi na moja na nusu. Hakuna aliyezuiliwa na wakoloni wa Kenya kwa ajili ya kazi ya chama muda unaokaribia huo, ukiacha Chege Kibachia, kiongozi wa mgomo wa Mombasa wa 1947, aliyetupwa Kabarnet, huku huku Bonde la Ufa, akakaa karibu miaka kumi.

Mtu kama huyo akiandika kitabu unatarajia nini? Unatarajia utaonja Lokitaung: joto, upepo wa Turkana, miaka bila sauti ya mke na watoto. Lakini wapi. Kitabu chake ni maazimio, barua kwa serikali, majibu ya serikali, takwimu za mishahara, orodha ya wajumbe wa kamati. Yeye mwenyewe anajitaja kama anavyotaja mtu mwingine yeyote, kwa jina, kana kwamba huyo Makhan Singh ni mwanachama tu aliyehudhuria kikao. Halafu kitabu kinafika 1952 na kusimama. Sehemu iliyoendelea hadi 1956 ilitoka baada ya kufa kwake 1973.

Wapo wanaousifu unyenyekevu huo. Hata mimi niliusifu mara ya kwanza. Mara ya pili nikaanza kuwa na wasiwasi nao. Katibu mzuri wa chama huandika kumbukumbu za mkutano. Haandiki kwamba kiti kilikuwa kigumu. Lakini mfungwa ambaye haandiki kwamba kiti kilikuwa kigumu anamwachia askari jela ushindi mdogo, maana ukatili unaoenda mbali na kimya ndio unaorudiwa. Kumzuia mtu mahali ambapo hakuna wa kuzungumza naye, mwaka baada ya mwaka, bila kosa lililothibitishwa, ni kumtesa hata kama hakuna aliyemgusa kwa kiboko. Makhan Singh alilijua hilo na alipigana nalo kwa njia yake, kwa maombi ya kuachiliwa, moja baada ya jingine. Makaratasi yake leo yako Chuo Kikuu cha Nairobi. Zarina Patel aliyatumia kuandika Unquiet, wasifu uliotoka 2006, na ni katika wasifu huo, kilichoandikwa na mtu mwingine, kwamba Makhan Singh anakuwa na ngozi. Kwa hiyo ukitaka kumpa mwanachama kijana kitabu kimoja, mpe cha Patel kwanza, halafu History iwe ya kurejelea wakati wa kubishana.

JM ni kinyume kabisa. JM anakuambia walimpiga na nini, wapi, mbele ya nani. Kambi kumi na nne, kutoka 1953 hadi 1960, Manyani na Lodwar na Saiyusi na nyingine, na kila kambi ina harufu yake. Ana ucheshi pia, jambo ambalo wakosoaji hawalitaji vya kutosha. Anaeleza jinsi wafungwa wa Manyani walivyokuwa na "gazeti" lisilo na karatasi: habari za uhakika zilipitishwa kwa mdomo kwa jina la Manyani Times, na uvumi ukawa na jina lake, Waya Times. Fikiria hilo. Watu maelfu nyuma ya waya, na jambo la kwanza wanalofanya ni kutenganisha habari na uvumi. Wahariri wetu wa leo wangejifunza kitu.

Na hapa ndipo vyama vya wafanyakazi vinaingia kwa mlango wa nyuma. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi walizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, wakawazoa zaidi ya watu 20,000 na kuwapeleka Langata, Mackinnon Road na Manyani. Katika msako huo walichukuliwa viongozi wengi wa matawi ya vyama: makarani, madereva, wajenzi, wapishi, watu waliozoea kuchagua mwenyekiti na mweka hazina. Tom Mboya na shirikisho lake walibaki nje wakilalamikia serikali na kuandikia wenzao wa ng'ambo. Ndani ya kambi, kwa masimulizi ya JM, unaona wafungwa wakichagua viongozi wao, wakiweka kamati, wakigawana kazi ya kufundishana kusoma, wakiwa na msemaji mmoja wa kuongea na mkubwa wa kambi. JM mwenyewe alikuwa msemaji huyo mara kwa mara kwa sababu ya Kiingereza chake. Yeye anayaeleza haya kama moyo wa Mau Mau. Sikatai. Lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa tawi atayatambua mazoea hayo. Ni desturi za chama zilizohamishwa na lori za serikali yenyewe.

Kisha barua. Hili ndilo jambo lililonifanya nianze kuandika makala hii. JM aliandika barua kutoka kambini kwenda kwa wakubwa wa serikali na wabunge wa London, akieleza vipigo, chakula na kazi za lazima, na barua zikatoroshwa. Alipigwa kwa sababu ya barua. Akaandika tena, sasa akieleza na hicho kipigo. Mantiki yake haina mapambo: anayepiga hujali sana ni nani anayejua. Haki kwenye karatasi haikutosha. Uingereza ilikuwa imeutandaza Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu hadi Kenya mwaka 1953, mwaka uleule JM alikamatwa, na mkataba huo unakataza mateso bila kisingizio cha hali ya hatari. Hakuna askari wa Manyani aliyeshtuka. Kilichowashtusha ni mkaguzi kufika getini na jina la mfungwa mkononi.

Tunajua kwamba njia hiyo ilifanya kazi, kidogo kidogo, kwa gharama kubwa. Barbara Castle aliuliza maswali Bungeni kisha akaja Kenya mwenyewe 1955. Eileen Fletcher, Mkweka aliyefanya kazi katika kambi, alirudi kwao, na 1956 akaandika aliyoyaona. Juni 1958 gazeti la The Observer la London likachapisha barua ya wafungwa wa Lokitaung kuhusu jinsi walivyokuwa wakitendewa. Kubai na Kaggia, watu wawili wa vyama vya wafanyakazi, walikuwa kati ya walioituma. Mwezi huohuo Oginga Odinga akasimama katika Baraza la Kutunga Sheria na kuwaita wafungwa wale viongozi, jambo lililokuwa mwiko. Sidhani ni bahati kwamba yalifuatana. Halafu Hola, 3 Machi 1959: watu kumi na mmoja waliuawa kwa kipigo, na taarifa ya kwanza ya serikali ikasema walikufa baada ya kunywa maji ya tangi la kukokotwa. Uongo ule haukumaliza miezi. Haukumaliza kwa sababu kufikia wakati huo kulikuwa na watu London waliozoea kupokea barua na kuuliza tena. Na 2013, serikali ya Uingereza ilipokubali kulipa fidia kwa walalamishi 5,228, kesi ilikuwa imebebwa na makaratasi: kumbukumbu za kambi zilizokuwa zimefichwa Hanslope Park, na ushahidi wa wazee wenyewe.

Kosa la JM ni jingine. Kitabu chake kiliandikwa mlangoni mwa uhuru, na mwandishi anataka sana mlango ufunguke bila kelele. Anasamehe upesi. Katika kurasa za mwisho kuna hewa ya mtu anayevaa suti kwenda kupigwa picha, na yule msemaji mkali wa Manyani anapoa. Anaamini kambi zimekwisha. Siwezi kuzisoma kurasa hizo bila kukumbuka 1975, na najua si haki kumhukumu mwandishi kwa jambo ambalo hakuliona likija. Lakini msomaji wa Bahati hana namna nyingine ya kuzisoma.

Kaggia naye aliliona likija, alilipitia, na hakuliandika. Hili ndilo linalonishangaza kuliko yote. Kaggia alikuwa karani, akaongoza chama cha makarani, akahukumiwa Kapenguria miaka saba pamoja na Kenyatta na Kubai. Baada ya uhuru akagombana na wenzake juu ya mashamba, akajiunga na KPU, na 1968 serikali huru ikamfunga. Kitabu chake kilitoka 1975. Angalia kichwa kidogo chini ya jina: 1921 hadi 1963. Kinasimama miaka mitano kabla ya jela yake ya pili. Makhan Singh anasimama 1952, Kaggia anasimama 1963. Kila mmoja anaweka kalamu chini pale ambapo mwenye funguo za jela bado yuko hai na anasoma.

Simlaumu kama mtu. 1975 haikuwa mwaka wa kuandika ovyo. JM aliuawa mwaka huohuo. Lakini kama mkosoaji lazima niseme pengo hilo lina gharama. Ndani ya pengo hilo wako watu kama Ochola Mak'Anyengo, katibu mkuu wa chama cha wafanyakazi wa mafuta, aliyezuiliwa bila mashtaka 1966 chini ya sheria ambazo serikali mpya ilizirithi na kuzipiga pasi. Wako wahadhiri wa chama cha Chuo Kikuu waliokamatwa 1982, Willy Mutunga, katibu wao, miongoni mwao. Ukisoma Kaggia peke yake utadhani ukatili dhidi ya watu wa vyama uliondoka na meli ya Mwingereza.

Hapo ndipo Kiswahili kilifanya kazi ambayo vitabu hivi vya Kiingereza havikuifanya. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mashairi yaliyoandikwa kwa siri kwenye karatasi za choo gerezani, yalichapishwa 1973, wakati Kenyatta bado yuko Ikulu. Chembe cha Moyo ya Alamin Mazrui ikafuata 1988, Moi akiwa Ikulu. Hawa walisema mbele ya mwenye funguo. Ni mashairi, si barua. Huwezi kuyapeleka kwa mkaguzi. Hata hivyo yalifika kwa wasomaji wa shule, jambo ambalo Makhan Singh hakuwahi kulipata. Na Gakaara wa Wanjau aliandika shajara yake ya kizuizini kwa Gĩkũyũ, ikachapishwa 1983, ikapata tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Kwa hiyo mtu asiniambie lugha zetu haziwezi.

Nakuru leo ndiyo makao ya chama cha wafanyakazi wa mashamba, na maelfu ya wanachama wake wanafanya kazi kati ya hapa na Naivasha. Katiba ya 2010 inasema mateso hayaruhusiwi kwa sababu yoyote ile, na mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24, isipokuwa pale saa hizo zikiishia siku isiyo ya mahakama. (Ijumaa jioni! Aliyeandika ibara hiyo hakuwa na binamu.) Tangu 2017 tuna sheria nzima ya kuzuia mateso. Mwezi Februari mwaka huohuo viongozi saba wa chama cha madaktari walifungwa mwezi mmoja kwa kukaidi amri ya mahakama juu ya mgomo, wakatolewa baada ya siku mbili. Nchi nzima ilijua majina yao. Yule mchuma maua ambaye hana jina kwenye simu ya mtu, huyo ndiye msomaji ninayemtafutia kitabu.

Nilimsomea shangazi sura za Manyani, nikitafsiri nikienda, Kiswahili kikichanganyika na Gĩkũyũ pale nilipokwama. Alisikiliza vipigo bila kusema neno. Nilipofika kwenye barua akanisimamisha.

"Ngoja kwanza. Nani aliitoa nje?"

Nikarudi nyuma kurasa mbili, tatu. JM anatuonyesha barua ikiandikwa na anatuonyesha ikifika, lakini wabebaji anawaacha kivulini. Walikuwa askari jela wenye huruma, au wenye njaa, watu wa mshahara mdogo ambao wangepoteza kazi au zaidi. 1963 wengi wao walikuwa bado kazini. Nikamweleza hivyo shangazi, nikasema labda mwandishi alinyamaza ili awalinde.

"Alifanya vizuri," akasema. Kisha akaniuliza kama yule askari wa kaunta, aliyempa namba saa nne usiku, nimemtaja popote katika hii makala ninayoandika.

Nikamwambia hapana.

"Sawa. Endelea kusoma."